Asilimia 0.6 ni nini hasa? Jibu kwa mwanafunzi aliyemkosa Furina

Swali lenyewe kwa ufupi. Msomaji wetu yuko mwaka wa pili chuoni Dodoma na anacheza Genshin Impact kwenye simu. Alikuwa anamtaka Furina, mhusika adimu wa nyota tano anayetolewa kwa droo ya kubahatisha kwenye bango lake, yaani droo ya muda maalumu inayomtangaza. Amevuta, yaani amecheza droo hiyo, mara 80, mafungu manane ya kumi kumi, na kwenye fungu la mwisho, droo ya 78, nyota tano ikashuka: akatoka Qiqi, mhusika mwingine ambaye hakumtaka. Anaandika: “Shikamoo mwalimu. Wameandika asilimia 0.6, maana yake ni mmoja kati ya 167. Mimi nimeshavuta 80. Nikivuta 87 zilizobaki si lazima nimpate? Ninayekaa naye chumba kimoja anasema nivute saa tisa usiku, seva ikiwa tupu. Boom limeingia jana na bango linaondoka baada ya siku sita. Niweke?”

Marahaba, mwanangu.

Nianze na habari njema, maana naona umekata tamaa bure. Furina umeshahakikishiwa. Mhusika wa nyota tano atakayefuata kwenye akaunti yako, ukivuta kwenye bango la Furina kabla halijaondoka, atakuwa yeye. Na ile 87 uliyoitaja imekaribia mno ukomo wako halisi, ambao kwa maelezo yako ni 88. Ila umefika karibu na mlango kwa njia isiyo yake, na njia hiyo ukiifuata kwenye gemu nyingine itakupoteza vibaya. Kwa hiyo nivumilie, tuifungue hesabu yote.

Chukua bakuli la maharage. Hesabu punje 1,000, sita kati yake zipake rangi nyekundu. Funga macho, chota moja, itazame, irudishe bakulini, koroga. Hiyo ndiyo droo ya asilimia 0.6. Kosa lako limejificha kwenye neno “irudishe”. Unahesabu kana kwamba kila punje nyeupe uliyoichota umeiweka pembeni, bakuli linapungua, na nyekundu inazidi kukusogelea. Bakuli halipungui. Unapochota mara ya 81 ndani mna punje 1,000 zilezile, na nyekundu ni sita zilezile.

Sasa ukichota mara 167 kwa mtindo huo, uwezekano wa kutoka mikono mitupu ni 0.994 ikizidishwa yenyewe mara 167. Inatoka karibu asilimia 37. Yaani kati ya watu mia wanaovuta mara 167, 37 hivi hawaoni kitu. Ukivuta mara 334, ambayo ni mara mbili yake, bado 13 au 14 kati ya mia watakuwa wanalia. Ukifika 500 wanabaki watano. “Mmoja kati ya 167” ni wastani wa watu wengi waliovuta mara nyingi. Wewe binafsi haikuahidi lolote, na ndiyo maana nakasirika nikiona watu wazima wanawafundisha vijana kugawa 100 kwa 0.6 na kuishia hapo.

Kama maharage yanakuchosha, tumia dadu. Mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons, gemu iliyozaa jamii nzima ya gemu za kuigiza wahusika, mhusika alitengenezwa kwa kurusha dadu tatu kwa kila sifa: nguvu, akili, wepesi na kadhalika. Kupata 18, yaani sita tatu kwa mpigo, ni nafasi moja kati ya 216, karibu asilimia 0.46. Hiyo 0.6 yako ni rahisi kidogo tu kuliko hapo. Tafuta dadu tatu za ludo, zirushe mezani mpaka sita tatu zilale pamoja. Utaijua asilimia 0.6 kwa mkono wako, na mkono haudanganyiki upesi kama macho.

Hili la saa tisa usiku tulimalize haraka. Droo hufanyika kwenye seva. Ukibonyeza, programu kule inatoa namba ya kubahatisha kati ya 0 na 1, tuseme 0.4172, kisha inaangalia imeangukia wapi. Kwa viwango vya bango hili, ikiwa chini ya 0.006 ni nyota tano. Nyota nne zina asilimia 5.1, kwa hiyo ikiwa kati ya 0.006 na 0.057 ni nyota nne. Zaidi ya hapo ni silaha ya nyota tatu, na 0.4172 ndiko ilikoangukia. Kile kimondo kinachopita angani, ukakodoa macho kuona kama ni cha buluu, zambarau au dhahabu, kinakuja baada ya jibu kuwa limeshapatikana. Kubonyeza taratibu, kusimama mbele ya sanamu fulani kwenye ramani, kuvuta moja moja badala ya kumi, hakuna hata kimoja kinachoigusa ile namba. Mwenzako wa chumbani hakudanganyi kwa makusudi. Kati ya wachezaji 1,000 wanaovuta mara moja tu saa tisa usiku, sita hivi watapata nyota tano, na hao sita ndio watakaorusha video. Wale 994 wamelala.

Kuvuta moja moja kuna faida moja ya kweli, lakini ni ya mfukoni: unaweza kusimama pale pale unapompata unayemtaka. Kwenye fungu la kumi, Furina akitoka wa tatu, saba za nyuma yake umeshazilipia.

Sasa tuje kwenye kitu kinachotofautisha gemu yako na bakuli la maharage. Namba ya kubahatisha haina kumbukumbu. Seva inayo. Pembeni ya kila akaunti kuna kihesabu kinachoongezeka kwa moja kila unapovuta bila kupata nyota tano, na kinarudi sifuri ukiipata. Wachezaji wanakiita piti, kwa maana ya huruma. Kwenye mabango ya wahusika ya Genshin, kikifika 90 unapewa nyota tano kwa lazima. Nyota nne nazo zina piti yake, ya kila kumi, ndiyo sababu hujawahi kutoka kwenye fungu la kumi bila angalau nyota nne moja au zaidi ya hapo.

Hapa kuna jambo ninalolipenda kupita yote kwenye mada hii, nalo linaonyesha kwamba tangazo la viwango ni maandishi ya kusomwa kwa kalamu na karatasi. Kwenye maelezo ya bango wameandika namba mbili. Ya kwanza ni 0.6. Ya pili ni 1.6, wanayosema ni kiwango cha jumla pamoja na uhakika wa 90. Gawa 100 kwa 1.6: kwa wastani nyota tano moja inatoka kila droo 62.5. Sawa. Lakini jaribu kuijenga hiyo 1.6 mwenyewe. Chukua 0.6 kwa kila droo, weka ukuta kwenye 90, piga hesabu ya wastani. Unapata karibu droo 69.7, ambayo ni asilimia 1.43. Haifiki 1.6. Basi hizo namba mbili haziwezi kuwa za kweli kwa pamoja, ila kama kuna mahali kabla ya 90 ambapo 0.6 inaacha kuwa 0.6.

Mahali hapo papo, ingawa tangazo halipataji. Wachezaji walikusanya historia za droo zao, maelfu kwa maelfu, wakaona kwamba mpaka droo ya 73 mambo ni ya kawaida, na kuanzia ya 74 nafasi inapanda kwa takriban asilimia 6 kila hatua: 6.6, kisha 12.6, kisha 18.6, inaendelea hivyo. Hiyo wanaiita piti laini. Ukiiingiza kwenye hesabu, wastani unashuka hadi droo 62 na kitu, na 1.6 inapatikana bila kulazimisha.

Matokeo yake ni umbo la ajabu kidogo. Mpaka droo ya 73, ni watu 35 hivi kati ya mia waliopata nyota tano. Wengine karibu wote wanaipata kwenye dirisha dogo la kati ya 74 na 82. Kufikia 80, asilimia 92 wameshapata. Wanaobaki baada ya 83 hawafiki mmoja kati ya mia. Qiqi wako alitoka wa 78, katikati kabisa ya dirisha hilo. Kwa hiyo mwanangu, huna nuksi. Umetendewa kama watu walio wengi, na ulichokosa si droo bali hatua iliyofuata.

Hatua hiyo ni hamsini kwa hamsini. Seva ikishaamua kwamba ni nyota tano, inarusha sarafu: upande mmoja yule wa kwenye bango, upande wa pili mmoja wa wale wa kudumu, akina Qiqi, Jean, Diluc, Mona, Keqing na wenzao. Ukianguka, akaunti yako inawekewa alama kwamba nyota tano inayofuata kwenye mabango ya wahusika lazima iwe ya aliyetangazwa. Tangu toleo la 5.0, Agosti 2024, waliongeza utaratibu unaoweza kumwokoa mtu anayekaribia kuanguka, na wenyewe wanasema kwa jumla nafasi ya kushinda sasa ni asilimia 55. Kwa mtu anayeanza sifuri, bila alama, hesabu inatoa karibu droo 91 kwa wastani ili kumpata anayemtaka, na 180 akiandamwa na kila baya. Nikikuta mtu anaweka bajeti kwa 62 kwa sababu ameona 1.6, najua sarafu ameisahau.

Wewe ulishaanguka, kwa hiyo alama unayo. Na kihesabu chako hakiko sifuri. Qiqi alikuwa wa 78, fungu likaendelea mpaka 80, na zile mbili za nyuma yake zimeshahesabiwa. Kwako ukomo ni 90 kutoa 2, yaani 88, na wastani ni karibu 61. Ona sasa jinsi ile 87 yako ilivyokuwa hatari: imelandana na jibu kwa sadfa tu.

Kwingine sadfa hiyo haipo. Gemu ya simu ya Fate/Grand Order ilitoka Japani mwaka 2015 na wahusika wa nyota tano kwa asilimia 1, na kwa miaka zaidi ya sita haikuwa na ukomo wowote. Asilimia 1 inaonekana ya ukarimu kuliko 0.6, sivyo? Lakini bila kihesabu hilo ni bakuli la maharage tupu. Kati ya watu mia, 37 wanavuta mara 100 bila kitu, watano wanavuta mara 300 bila kitu, na hakuna namba ambayo ukifika unaweza kusema “hapa basi”. Ukomo uliwekwa Januari 2022, droo 330. Ndiyo maana mtu akiniuliza gemu fulani ina haki au haina, sitazami kwanza asilimia. Nauliza ukomo uko wapi, unahama nawe bango likibadilika, na ukifika unapewa nini hasa.

Ukomo wenyewe haukuja kwa hisani. Droo za namna hii huitwa gacha, jina linalotokana na mashine za Kijapani za kuuzia vichezeo vya watoto: unatia sarafu, unazungusha mkono wa mashine, unasikia “gacha”, kapsuli ya plastiki inadondoka “pon”. Gemu za simu ziliuchukua mtindo huo na kuuongezea makali. Kali kuliko yote ilikuwa gacha ya kukamilisha: kusanya vipande kadhaa tofauti kwa droo, ukikamilisha ndipo unapewa zawadi kubwa. Tuseme vipande ni sita na vyote vina nafasi sawa. Cha kwanza unakipata droo ya kwanza. Vyote sita vinahitaji droo 14.7 kwa wastani, na sita kati ya hizo zinaliwa na kipande cha mwisho peke yake, kwa sababu kila unachovuta unacho tayari. Mchezaji anaona amebakiza kimoja, anadhani yuko mlangoni, kumbe safari nusu yake karibu ndiyo inaanza. Mei 2012 Shirika la Masuala ya Walaji la Japani lilitangaza kwamba mtindo huo unavunja sheria ya zawadi na matangazo, na kuanzia Julai mwaka huo ukapigwa marufuku.

Kisha mwanzoni mwa 2016, kwenye gemu ya Kijapani ya Granblue Fantasy, kulikuwa na mhusika aitwaye Anchira. Mchezaji mmoja alionyesha droo zake moja kwa moja mbele ya watazamaji, akavuta zaidi ya mara 2,200 na kutumia yapata yeni 700,000 kabla ya kumpata. Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa, na mwaka huohuo kampuni ikaweka ukomo wa droo 300, ambapo mchezaji anachagua mwenyewe. Kinga unayoitumia wewe leo Dodoma ina ukoo na kelele zile.

Utaniuliza, je, hiyo 0.6 tuiamini vipi? China inawataka wenye gemu kutangaza viwango tangu Mei 2017. Apple ikaweka sharti hilo kwenye duka lake la programu mwishoni mwa mwaka huohuo. Korea Kusini iliingiza sheria yake Machi 2024. Na kutangaza tu hakutoshi: Januari 2024 tume ya ushindani ya Korea iliipiga kampuni ya gemu ya Nexon faini ya takriban won bilioni 11.6 kwa sababu kwenye gemu yake ya MapleStory viwango vya vifaa vya kubahatisha vilikuwa vimebadilishwa bila wachezaji kuambiwa, na baadhi ya michanganyiko iliyotamaniwa mno ilikuwa na nafasi sifuri. Watu walikuwa wanalipia bakuli lisilo na punje nyekundu hata moja. Nasimulia hili kwa uchungu kwa sababu hakuna mchezaji mmoja mmoja ambaye angeligundua kwa droo zake. Kutofautisha nafasi ndogo sana na nafasi isiyokuwapo kunahitaji historia za watu wengi zikiwekwa pamoja, na ndiyo sababu nawaambia wanafunzi wangu watunze zao.

Tuje kwenye boom. Hapa sitakuficha, gemu imeweka ngazi mbili za fedha katikati ya pesa yako na droo: unanunua fuwele, unazigeuza primogemu, primogemu 160 zinakuwa droo moja. Ukishapita ngazi hizo hukumbuki tena droo moja ni shilingi ngapi. Mwaka 2025 Tume ya Biashara ya Marekani ilimalizana na wenye Genshin kwa dola milioni 20, na mojawapo ya malalamiko yake ilikuwa hilohilo, kwamba gharama na nafasi halisi vimefunikwa. Basi tufunue. Kifurushi kikubwa, kwa bei ya Marekani ya dola 99.99, kinatoa fuwele 8,080 ukijumlisha nyongeza, ambazo ni droo 50 na nusu. Droo moja ni karibu dola 2. Ukinunua vifurushi vidogo vya fuwele 60 kwa senti 99, droo moja inapanda hadi dola 2.64.

Droo zako 88, zikifika zote, ni primogemu 14,080: vifurushi vikubwa viwili, dola 200. Kwa shilingi inapita laki nne. Unaweza kubahatika ukampata droo ya kumi, lakini nafasi ya kumpata ndani ya droo kumi za kwanza ni kama asilimia 6, na mimi sitamshauri mtu aliyesubiri boom la kula apange kwa asilimia 6. Ukitaka kuvuta kwa pesa, panga kwa 88. Kama 88 huna, hesabu kwamba Furina kwa siku hizi sita huna.

Sasa sikia kinachofanya siku sita zisiwe na maana unayodhani. Alama yako ya uhakika haiondoki na bango, wala kihesabu hakiondoki. Vinahamia bango la mhusika linalofuata, na vitakaa hapo mwezi, hata mwaka, mpaka utakapovuta nyota tano. Furina alishawahi kurudi na wahusika wa aina yake hurudishwa tena. Kazi za kila siku zinatoa primogemu 60, ambazo kwa siku 30 ni 1,800, droo 11. Duka la ndani ya gemu linakupa nyingine tano kwa mwezi ukibadilisha vumbi la nyota. Hizo 16 ni bila kugusa matukio na zawadi nyingine, na bila senti. Unachotakiwa kulinda ni alama hiyo isichomwe kwa mtu mwingine: ukivuta “mara mbili tatu tu kujaribu” kwenye bango la mhusika usiyemtaka, na nyota tano ikashuka, uhakika wako umekwisha na unarudi kwenye sarafu. Bango la silaha na lile la kudumu yana vihesabu vyao, hayakuongezei kitu huku.

Kabla ya yote hayo, fungua Historia kwenye ukurasa wa bango la Furina. Droo mpya ziko juu. Hesabu mistari iliyo juu ya Qiqi. Ikiwa ni miwili, niliyokuandikia yanasimama kama yalivyo. Ikiwa ni zaidi, toa idadi hiyo kwenye 90 upate ukomo wako mpya. Na ukikuta Qiqi hayumo kwenye orodha hiyo kabisa, basi alitoka kwenye bango la kudumu, alama ya uhakika huna, na niandikie tena kabla hujanunua chochote.